Na Risiti au Bila Risiti?

Kuna sentensi moja ya Kiswahili ambayo haina mwandishi, haimo kwenye riwaya yoyote niliyosoma, na bado kila mtu mzima anayeishi Tanzania Bara ameshawahi kuambiwa: "Unataka na risiti au bila risiti?" Muuzaji huitamka kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeuliza chai iwe na sukari au bila sukari. Tufanye unanunua godoro. Na risiti ni 177,000. Bila risiti ni 150,000. Hesabu unaifanya kichwani hapo hapo, na ndani ya sekunde kama tatu umeshakuwa ama mlipakodi ama mshiriki wa jambo ambalo sheria inaliita kosa. Wengi wetu tunajua tulijibu nini.

Sisi wasomaji wa hadithi huwa tunaidharau kodi, tunaona ni mambo ya wahasibu. Lakini swali lile la muuzaji lina historia ndefu, na kila nikiichimba naona ni historia ya kuaminiana, au tuseme ya kutoaminiana, kati ya watu watatu: mwenye duka, mwenye pesa na mwenye nchi. Huyu wa tatu ndiye anayesahaulika. Tunazoea kuhesabu makosa ya wawili wa kwanza tu.

Tuanzie kwenye neno lenyewe. Kiswahili hakitofautishi kodi unayomlipa mwenye nyumba na kodi unayoilipa serikali. Zote kodi. Mwenye nyumba, hata awe mkali namna gani, ukishamlipa anakupa chumba. Ile nyingine babu zetu waliijua kwa sura tofauti. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, rupia 3 kwa nyumba ya kijijini, na asiye na rupia alilipa kwa jasho. Waingereza wakaja, wakaiendeleza na kuongeza kodi ya kichwa. Mtu alilipa kwa sababu ana kichwa na paa. Hakuhitaji kuwa amenunua kitu wala kuuza kitu. Na cheti cha kodi kilikuwa karatasi ya kutembea nayo mfukoni; ukikutwa huna, siku yako imeharibika.

Uhuru ulipokuja, kodi ya namna hiyo haikuondoka mara moja. Halmashauri ziliendelea kuitoza kwa majina mengine hadi 1969. Mwaka huo, Amir Jamal akiwa Waziri wa Fedha, serikali ya Mwalimu Nyerere iliifuta na kuleta kodi ya mauzo. Nadhani watu hawajaupima vizuri uamuzi ule. Miaka miwili tu ilikuwa imepita tangu Azimio la Arusha. Serikali iliyosema inategemea wakulima haikuweza kuendelea kuwakimbiza wakulima hao hao porini na mgambo. Kodi ya mauzo ilikuwa na adabu zaidi. Haikubisha hodi kwa mtu. Ilijificha ndani ya bei ya sabuni, ya bia, ya sigara, ya khanga, na mnunuzi aliilipa bila kuambiwa kwamba ameilipa.

Na ilikuwa rahisi kukusanya, maana haikukusanywa dukani. Ilikusanywa kiwandani na bandarini. Ofisa wa kodi hakuhitaji kuwajua wenye maduka wote wa nchi. Alihitaji kujua mageti machache ambayo bidhaa zilipita. Tena miaka ya 1970 viwanda vingi vilikuwa vya mashirika ya umma, kwa hiyo serikali ilikuwa ikijitoza yenyewe na kujipelekea yenyewe. Sheria ikaandikwa upya mwaka 1976, kodi hiyo ikawa nguzo kubwa ya bajeti, na mwenye duka la rejareja kule Sumbawanga hakuwa na la kufanya nayo. Hakuna aliyemuuliza mteja swali la risiti. Swali la siku zile lilikuwa jingine: "Sukari ipo?"

Kwa sababu haikuwepo. Kodi inayotegemea geti la kiwanda hufa kiwanda kikifa. Baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, viwanda vilizalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wao, maduka ya RTC yalibaki na rafu tupu na foleni ndefu, na bidhaa zilizokuwepo zilipita mlango wa nyuma. Hapo ndipo neno mlanguzi liliponenepa. Mlanguzi hakutoa kodi ya mauzo kwa sababu, kwa mtazamo wa karatasi, hakuuza chochote. Mwaka 1983 Edward Sokoine akaongoza msako wa wahujumu uchumi, na ikatungwa sheria maalumu ya kuwashughulikia. Waliokuwepo wanasimulia usiku wa watu kutupa mali zao wenyewe, mitaroni na vichakani, kwa kuogopa kukutwa nazo. Fikiria: mtu anatupa katoni za sabuni ambazo mji mzima unazililia, eti kwa kuwa hana karatasi ya kueleza zimetoka wapi.

Nasema hivyo si kwa kumcheka mtu. Nataka uione hofu ile, kwa sababu ilikaa. Wafanyabiashara wa kizazi kile waliwafundisha watoto wao kwamba karatasi ni ushahidi, na ushahidi unaweza kugeuka siku yoyote. Mwaka huo huo wa 1983, kama vile hazikutosha, kodi ya kichwa ilirudi ikiwa imevaa jina zuri zaidi, kodi ya maendeleo, na mgambo wakarudi kazini. Ilikuja kufutwa 2003. Wasomaji wengi wa hapa wana mjomba aliyewahi kuruka dirisha kuikimbia.

Basi, tarehe 1 Julai 1998 ikaja VAT. Kwa jina lake kamili ni Kodi ya Ongezeko la Thamani, jina ambalo hakuna anayelitumia nje ya taarifa ya habari. Sheria ilipitishwa 1997, ikafuta kodi ya mauzo ya zamani na viwango vyake vingi, ikaweka kiwango kimoja cha asilimia 20. Mamlaka ya Mapato, TRA, ilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Kodi yenyewe ilikuwa imezaliwa Ufaransa mwaka 1954 kwa mawazo ya Maurice Lauré, ofisa wa kodi aliyekuwa na akili za mhandisi, na ukiielewa unaona uhandisi huo.

Turudi kwenye godoro letu, kwa kiwango cha leo cha asilimia 18. Mwenye kiwanda ananunua malighafi ya 50,000 na kulipa juu yake 9,000 ya VAT. Anamuuzia mwenye duka la jumla godoro kwa 100,000, anaongeza 18,000. Hizo 18,000 hazipeleki zote TRA. Anatoa zile 9,000 alizokwisha kulipa, anapeleka 9,000. Wa jumla anauza kwa 120,000 na kuongeza 21,600. Anatoa 18,000, anapeleka 3,600. Wa rejareja anauza 150,000, anaongeza 27,000, anatoa 21,600, anapeleka 5,400. Jumlisha: 9,000, na 9,000, na 3,600, na 5,400. Ni 27,000, ile ile anayolipa mteja wa mwisho. Kila mmoja amepeleka kipande chake.

Uzuri wake uko hapa: ili utoe kile ulicholipa, lazima uwe na risiti ya aliyekuuzia. Kwa hiyo kila mnunuzi anakuwa askari wa muuzaji wake, bure, bila mshahara wala sare. Lauré aliujenga mfumo ambao haumtaki mtu awe mwema. Unamtaka awe mchoyo tu.

Lakini mnyororo una mwisho, na mwisho wake ni wewe umesimama dukani. Wewe huna pa kudai ile 27,000. Risiti kwako ni karatasi ya kufuta mikono. Na hapa pana jambo ambalo hotuba nyingi za ulipaji kodi hulikwepa. Mwenye duka anayeuza bila risiti hawezi kuwa amenunua kwa risiti. Mzigo ulioingia kwa karatasi na kutoka bila karatasi utamuumbua kwenye hesabu. Lazima naye alinunua bila risiti, kutoka kwa wa jumla ambaye naye alinunua bila risiti, hadi kwenye kontena ambalo bandarini liliandikwa thamani ya uongo. Uongo wa mwisho unahitaji uongo wa mwanzo. Sasa angalia faida: mwaminifu amenunua 120,000 na kuuza 150,000 bila kuhesabu kodi, anabaki na 30,000. Asiye mwaminifu naye 30,000. Tofauti ni kwamba bei ya wa pili iko chini kwa 27,000, na mteja anavuka barabara kwenda kwake. Mwaminifu haadhibiwi na mwizi. Anaadhibiwa na sisi.

Majirani walishayaona haya. Kenya walianza VAT Januari 1990. Uganda walianza Julai 1996, wafanyabiashara wa Kampala wakafunga maduka, na serikali ikapandisha kiwango cha mauzo kinachomlazimu mtu kujisajili kutoka milioni 20 hadi milioni 50 za Uganda. Kwetu mwanzo ulikuwa wa utulivu zaidi. Fujo ilisubiri mashine.

Mashine za EFD zilianza mwaka 2010 kwa waliosajiliwa VAT, na hao hawakupiga kelele sana. Awamu ya pili ndiyo iliyowasha moto: kila mwenye mauzo ya kuanzia shilingi milioni 14 kwa mwaka naye awe na mashine. Gawanya kwa siku, ni kama 38,000 kwa siku. Hayo ni mauzo, si faida. Mama mwenye duka la vitenge mwenye mzunguko huo aliambiwa anunue kifaa ambacho bei yake ilitajwa kuwa kati ya laki sita na laki nane. Mwishoni mwa 2013 na mwanzoni mwa 2014 maduka yalifungwa Kariakoo na katika miji kadhaa ya mikoani. Magazeti yaliandika kwamba wafanyabiashara wanakataa mashine. Ukisikiliza walichokuwa wakisema wenyewe, wengi hawakukataa mashine. Walisema bei ya mashine haivumiliki, na kwamba mashine inaona mauzo lakini haioni gharama. Ukikadiriwa kwa mauzo, kodi ya pango, mshahara wa kijana na hasara ya mzigo ulioloa baharini havimo kwenye ile karatasi nyembamba inayofifia wino baada ya mwezi.

Kisha ukaja wimbo wa TRA, "Ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti." Ni Kiswahili safi kabisa, mizani imekaa, na miaka ya Rais Magufuli uliimbwa kila kona. Kutodai risiti nako kukawa na faini. Julai 2017 vituo vya mafuta vilivyokosa mashine kwenye pampu vilifungwa, na madereva wakahangaika kutafuta petroli.

Wimbo huo una mistari miwili tu: anayeuza na anayenunua. Mstari wa tatu haukuandikwa.

Serikali ndiye mnunuzi mkubwa kuliko wote nchini. Inanunua saruji, madawati, chakula cha wanafunzi wa bweni, mafuta ya magari, karatasi. Mzabuni aliyesajiliwa VAT akishapeleka mzigo na kutoa ankara, sheria inahesabu kwamba kodi imeshazaliwa, na tarehe 20 ya mwezi unaofuata anatakiwa awe ameipeleka, alipwe asilipwe. Kila anayejua biashara ya zabuni anajua kilichobaki: malipo yanakuja baada ya miezi sita, mwaka, miwili, na mengine huingia kwenye orodha ya malimbikizo yanayosubiri kuhakikiwa. Maana yake mzabuni ameilipa serikali kodi ya pesa ambazo serikali yenyewe haijampa. Akichelewa yeye, kuna riba. Ikichelewa serikali, kuna barua.

Marejesho nayo ni hadithi ya aina hiyo. Anayeuza nje ya nchi hutoza asilimia sifuri, kwa hiyo ile VAT aliyolipa njiani lazima arudishiwe. Bila hivyo mashine nzima ya Lauré haizunguki. Marejesho hayo yalilimbikizwa miaka na miaka, wachimbaji wa dhahabu na wasafirishaji wa mazao wakilalamika kwa zamu, na mwaka 2017 sheria ikabadilishwa kuwanyima kabisa haki hiyo wanaosafirisha madini ghafi. Unaweza kuitetea hatua ile kwa sababu za madini, na mimi siioni kuwa ya kipuuzi. Ila mwenye duka aliyekuwa anaangalia alijifunza kwamba anachodai mlipaji kinaweza kufutwa kwa kalamu, na anachodaiwa hakifutwi.

Na kuna misamaha. Kwa miaka mingi waziri aliweza kusamehe kodi kwa tangazo tu la serikali. Julai 2015 mahakama ya Kisutu ilimtia hatiani Basil Mramba, aliyekuwa Waziri wa Fedha, kwa kutumia vibaya madaraka yake, baada ya kuisamehe kodi kampuni ya Alex Stewart iliyokodiwa kukagua dhahabu. Hasara iliyotajwa ilikuwa shilingi bilioni 11.7. Sheria mpya ya VAT ya 2014, iliyoanza kutumika mwezi huo huo wa Julai 2015, ilikuwa imekusudiwa kuufunga mlango wa hiari ya waziri. Haukupita muda mrefu, marekebisho yakaufungua tena kidogo kwa ajili ya miradi ya serikali.

Wenye biashara wasifurahi sana, na wao nina lao. Bajeti ya 2018 iliondoa VAT kwenye taulo za kike. Wanaharakati walikuwa wameidai hatua hiyo kwa muda mrefu, kwa sababu ya wasichana wanaokosa shule siku zile za mwezi. Asilimia 18 ikaondoka kwenye sheria. Dukani bei ikabaki pale pale. Mwaka mmoja baadaye serikali ikairudisha kodi ikisema, na kwa hili haikusema uongo, kwamba msamaha haukumfikia aliyekusudiwa. Lakini tazama nani aliyeadhibiwa kwa kosa hilo. Waliokula tofauti ni wauzaji. Kodi ikarudi, na anayeilipa kodi ile tumeshaona ni nani: yule wa mwisho kwenye mnyororo, na safari hii alikuwa binti wa shule.

Wakati huo Kariakoo ilikuwa imepata njia nyingine. Desemba 2018 machinga walipewa vitambulisho vya shilingi 20,000, wasisumbuliwe. Nia ilikuwa njema. Lakini mbele ya duka lenye mashine pakatandikwa meza isiyo na mashine, na mara nyingi mzigo wa mezani ulikuwa wa mwenye duka yule yule. TRA walijua. Wakaanza kuwavizia wateja njiani, kuwakagua vifurushi na kuwauliza risiti, na jambo hilo likapata jina: kamatakamata. Mteja aliyetoka Lubumbashi au Lusaka, ambaye pesa zake ndizo zinazoiendesha Kariakoo, akajikuta anahojiwa kama mwizi kwa mzigo alioulipia.

Tarehe 15 Mei 2023 maduka yakafungwa. Siku mbili baadaye Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikaa na wafanyabiashara kwenye viwanja vya Mnazi Mmoja, na mkutano ule, uliorushwa moja kwa moja, ni moja ya nyaraka bora za historia ya kodi tulizonazo, ingawa hakuna aliyeichapa. Mtu mmoja baada ya mwingine alishika kipaza sauti na kusimulia: vitisho, rushwa, agizo la kusajili stoo, makadirio yasiyoeleweka. Walizungumza kwa hasira na kwa ustadi wa watu ambao kazi yao ya kila siku ni kushawishi. Kamatakamata ikasimamishwa, usajili wa stoo ukasitishwa, na Julai mwaka huo kiwango cha mauzo cha kujisajili VAT kikapandishwa kutoka milioni 100 hadi milioni 200. Ni kile kile walichokifanya Waganda, miaka 27 nyuma. Juni 2024 maduka yakafungwa tena, na mara hii mgomo ukaenea hadi mikoani.

Mwaka 2025 Sheria ya Fedha ikaleta kitu ambacho mwenye duka yeyote wa Kariakoo angekitambua bila kufafanuliwa. Mnunuzi wa mwisho, asiyesajiliwa VAT, akilipa kwa benki au kwa njia ya mtandao, anatozwa asilimia 16. Akilipa taslimu, 18. Godoro letu sasa ni 174,000 kwa simu na 177,000 kwa noti. Muuzaji jirani bado anaweza kukupa kwa 150,000, na bado anauliza.